Ulimpa Nani Kitambulisho Chako?

Kila nikisimulia, swali la kwanza ni hilo. Askari aliyeniandikia OB aliniuliza. Marafiki wakaniuliza. Hata mama wa chai pale Kondele, huku akinimiminia.

Nilimpa kila mtu! Nilimpa soja wa geti la jengo moja katikati ya mji, akaandika namba ya kitambulisho na ya simu kwenye daftari linalolala wazi mezani. Nilimpa kijana wa saiba, na kopi zilizotoka vibaya zikaishia kikapuni. Nilimpa ajenti wa laini aliyesimama chini ya mwavuli, akanipiga picha kwa simu yake mwenyewe. Nilikipa chuo, kabla sijakiacha. Wewe jaribu kukataa, uone kama utaruhusiwa kupanda hizo ngazi.

Basi mtu akasajili laini kwa jina langu, akakopa, akapotea. Nilijua siku wadai walipompigia dani, nyanya yangu, anayeuza omena Dunga. Namba yake niliwahi kuiandika mahali pamoja tu: kwenye fomu ya kuomba kazi, nafasi ya jamaa wa karibu.

"Nyakwara," akaniambia, "umekula pesa ya nani?"

Pesa yenyewe haikuwa nyingi. Ila wiki tatu nililala kuanzia saa tisa usiku. Tumbo likawaka moto, suruali zikaanza kunivuka. Simu ikitetemeka, mikono inatetemeka nayo, mpaka nikawa naifungia ndani ya sufuria, nafunika. Dani aliacha kupokea simu za namba asizozijua, hata za wateja. Hiyo nayo tuiandike kwenye fomu gani?

Halafu kuna ule upuuzi wenyewe: unaambiwa uthibitishe kwamba wewe ni wewe, na uthibitishe kwa kitambulisho kilekile kilichotumiwa kukuibia.

Msiniambie ni uzembe wangu. Juni 2021 Wakenya walifungua eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Wote hao walikuwa wazembe? Na msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema zichukuliwe taarifa zinazohitajika tu. Sasa soja anahitaji namba yangu ya kitambulisho ya nini? Kanuni za Benki Kuu za 2022 nazo zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtisha na kumwaibisha mtu ili alipe. Dani alitishiwa polisi, yeye ambaye hajawahi kukopa hata chumvi.

Tunashauriwa tubonyeze *106# tuone laini zilizosajiliwa kwa majina yetu. Bonyeza, ni vizuri. Lakini huo ni ulinzi wa mtu anayehesabu kuku baada ya kicheche kupita. Mimi nataka mzigo ugeuzwe. Aliyekopesha ndiye athibitishe ni mimi niliyekopa, na akishindwa anilipe: nauli, ada ya wakili wa hati ya kiapo, dawa za tumbo, na zile simu ambazo dani hakupokea.

Wiki iliyopita niliitwa kuzungumzia kazi ya tafsiri, kwenye jengo lilelile. Soja akanisukumia daftari. Juu ya mstari wangu kulikuwa na majina saba na namba zao zote, zinasomeka kabisa.

"Andika, kijana, watu wanangoja."

Nilimrudishia kalamu. Kazi amepewa mwingine.