Kosa la mwenzako kazini lisibebeshwe wote wenye usonji

“Hawa wenye usonji ndivyo walivyo, huwezi kufanya nao kazi.” Kauli kama hii humtoka mtu kwa urahisi anaporudi nyumbani amechoshwa na mwenzake, awe karani wa ofisi ya kata Mawengi, mpanga mbao Makambako au mfanyakazi wa shamba la chai Njombe.

Wakati mwingine mwenzake huyo ana usonji kweli. Wakati mwingine hakuna mtaalamu aliyewahi kumpima. Amebandikwa jina hilo kwa sababu ni mkimya, haangalii watu usoni au anataka kila kitu kifuate utaratibu.

Hasira inaeleweka. Lakini mezani yupo mtoto anayesikiliza, na kesho darasani anaweza kukaa dawati moja na mwenye usonji.

Usonji hauambukizi, wala hausababishwi na malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kuendelea hadi utu uzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa nayo. Wapo wasiozungumza kabisa, na wapo wenye shahada wanaosimamia wengine. Methali ya samaki mmoja akioza ibaki kwenye tenga la samaki.

Pia kutoelewana kuna pande mbili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, walichapisha utafiti ambao watu walipokezana hadithi, mmoja akimsimulia mwingine. Wenye usonji watupu waliifikisha vizuri sawa na wasio na usonji watupu. Ilipotea zaidi makundi yalipochanganywa.

Kwa hiyo, mzazi, taja tendo, usitaje hali ya mtu. Badala ya “hao hawana ushirikiano”, sema: “Leo hakuniambia kuwa ratiba imebadilika, nikarudia kazi.” Hilo lina ufumbuzi.

Kesho yake mweleze mwenzako moja kwa moja, bila mafumbo. Ukisema “tutaangalia” ukimaanisha hapana, yeye anaweza kusubiri jibu kweli. Andika maelekezo na utaje muda. Kosa likijirudia, lifikishe kwa msimamizi kama ambavyo ungefanya kwa mfanyakazi mwingine yeyote. Kuwa na usonji hakumwondolei mtu wajibu wake, na kosa lake ni lake peke yake.

Kama kauli imeshakutoka mbele ya watoto, irekebishe palepale: “Nilimkasirikia mtu mmoja, sikupaswa kuwasema wote.” Sentensi hiyo fupi inamfundisha mtoto zaidi ya hotuba ndefu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kazini, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Lakini sheria haiingii kwenye chumba cha usaili na kufuta alichokisikia msaili akiwa mtoto. Mtoto mwenye usonji anayesoma leo ataomba kazi kesho, na atakayempokea ofisini huenda ndiye huyu anayekula ugali nyumbani kwako usiku huu.