Watoto wenye hali ya Down wahesabiwe

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, watoto?

Mtoto mwenye hali ya Down huzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada, jambo lililogunduliwa mwaka wa 1959. Si laana wala kosa la mama. Hata hivyo, uwezekano huongezeka umri wa mama unaposonga: akiwa na miaka 20 ni mtoto mmoja kati ya takriban 1,500, akifika 40, mmoja kati ya 100.

England na Wales zilianzisha daftari la kitaifa mwaka wa 1989. Visa vilivyogunduliwa, kabla na baada ya kuzaliwa, viliongezeka kutoka 1,075 mwaka wa 1989/90 hadi 1,843 mwaka wa 2007/08, kwani wanawake wengi walichelewa kuzaa. Lakini waliozaliwa hai walikuwa 752, kisha 743, kwa sababu mimba nyingi zilipimwa na kusitishwa. Bila daftari, nani angejua?

Hapa kwetu, hesabu ni suala la uhai. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hutibika zikigunduliwa mapema. Kwa hivyo mkunga aandike hali ya mtoto papo hapo na kumtuma akapimwe moyo. Nasi wazazi tusiwafiche. Serikali itawatengea vipi madaktari na walimu watoto isiojua idadi yao?