Juma Moja la Mwanafunzi wa Sekei

Ndugu msomaji, ukitoka nyumbani alfajiri ya Jumatatu kuwahi kazini, ukapita Sekei ukitokea Sanawari, utawakuta wamekwisha kukutangulia barabarani. Mmoja kashika fagio la chelewa, mwingine kidumu cha maji, wa tatu kavuta mikono ndani ya sweta kwa sababu ya baridi ile ishukayo kutoka Mlima Meru, ambayo mwezi wa Juni na wa Julai haimhurumii mkubwa wala mdogo. Hawazungumzi sana. Mwalimu wa zamu hangoji mtu.

Juma la shule ni refu kuliko sisi wazazi tunavyodhani. Huanza kwa usafi, gwaride, wimbo wa Taifa na ukaguzi wa kucha. Na kabla jua halijapanda, kiranja amekwisha andika majina ya wachelewaji. Vipindi hufuatana hadi alasiri, kisha huja zamu ya bustani, mazoezi ya kwaya, majaribio ya hesabu yasiyotangazwa, na mpira. Ijumaa kuna kipindi cha dini. Wanafunzi wa bweni, kama wale wa Ilboru hapo juu yetu mlimani, huongeza juu ya hayo kujisomea usiku hadi kengele ya kulala.

Ndani ya juma hilo iko saa moja ambayo ningependa kila mzazi aishuhudie walau mara moja: saa ya mdahalo. Mada aghalabu ni ile ile tuliyoijadili sisi, kwamba mkulima ni bora kuliko daktari. Mwenyekiti hugonga meza, katibu hufungua daftari, na mtoto ambaye hesabu humtoa jasho husimama upande wa mkulima. Huyu kakulia penye migomba na kahawa, na jana jioni kakata majani ya ng'ombe wa ndani. Hana haja ya kukariri. Huuliza tu: daktari huyo asubuhi kanywa chai ya maziwa ya nani? Darasa zima huangua kicheko, na msemaji wa upinzani, ambaye ndiye wa kwanza darasani, hutafuta jibu asilione.

Jioni mtoto huyo hurudi nyumbani, na baba yake humuuliza swali moja tu: “Katika lile jaribio la hesabu, umekuwa wa ngapi?”

Swali hili, ndugu msomaji, lina historia ndefu katika nchi yetu, na mji wetu wa Arusha unahusika. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na humo akalalamika kwamba shule zetu zilikuwa zimeupa mtihani uzito kupita kiasi, na kwamba elimu ya msingi ilikuwa maandalizi tu ya wachache watakaokwenda sekondari. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likairudia hoja hiyo. Hata hivyo, mtihani haukuondoka, na swali la “wa ngapi” likabaki mezani pamoja na chakula cha jioni.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Taifa liliacha ule utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wapo waliofurahi, wapo walionung'unika. Mimi ni miongoni mwa waliofurahi, ingawa sitawacheka walionung'unika. Mfanyakazi anayelipa kodi ya chumba na nauli ya kila siku anajua kwamba shule kama Ilboru, ambayo huchukua vijana wenye vipaji maalumu, huwachagua kwa alama, wala si kwa utani wa mdahalo. Hofu yake ni ya haki. Kosa ni pale hofu hiyo inapokuwa ndiyo mazungumzo yote kati ya baba na mwanawe.

Tazama uwanja wetu wa michezo hapa mjini. Unaitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, mtu aliyetunga mashairi, akaandika kitabu cha sheria za kuyatunga, kisha akawa waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Uwanja wa wakimbiaji na wacheza mpira unabeba jina la malenga! Na katika mkoa wetu huu huu, kutoka Karatu, alitoka Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akavunja rekodi ya dunia. Sijui ni safu gani ya ripoti ya shule ingeliweza kuionyesha miguu ile.

Liko jambo jingine, nalo linawahusu zaidi mabinti. Mwanafunzi wa kutwa hurudi na mkoba, lakini kabla ya kuufungua kuna vyombo, kuna maji, kuna mdogo wake wa kubeba mgongoni. Kaka yake yuko uwanjani. Saa mbili usiku binti hufungua daftari akiwa na usingizi, na mwisho wa muhula tunaulizana kwa mshangao kwa nini kashuka. Kazi za nyumbani si adhabu, nazo humfunza mtoto. Lakini zikigawanywa kwa wote, yule binti hupata saa moja ya taa.

Ripoti huja mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Wengi wetu hutazama nafasi, tukatia sahihi, tukairudisha. Chini ya alama pana mistari michache ya mwalimu wa darasa, iliyoandikwa kwa mkono: huyu ni mwepesi wa kusaidia wenzake, huyu ana sauti nzuri kwaya, huyu siku hizi yuko kimya mno. Mistari hiyo mwalimu kaiandika kwa ajili yako wewe, na anayeandika juu ya ukimya wa mtoto anatumaini kwamba utakwenda shuleni kumuuliza.