Mtoto hatamwambia kishikwambi

Mwandishi wa makala iliyosifu programu za kupima hisia za wanafunzi anataka zipakiwe kwenye vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya Tanzania ya 2022. Kila asubuhi mtoto aguse sura yenye tabasamu au yenye machozi, basi, mwalimu ameshamjua. Sikubaliani naye hata kidogo.

Kishikwambi hicho ni cha mwalimu, na mwalimu huyo huyo anaweza kuruhusiwa na mkuu wa shule kumchapa mtoto: kanuni za 2002 zinaruhusu hadi viboko vinne. Mtoto wa darasa la tatu aliyelala njaa, au anayemwogopa mtu mzima nyumbani kwao, atagusa tabasamu huku akitazamwa. Na akithubutu kugusa machozi Jumatatu, ikafika Ijumaa hajaulizwa kitu, hatasema tena.

Teknolojia siikatai. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na anayepokea ni binadamu. Iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, hata vyooni, mtoto aisome akiwa peke yake. Fedha za programu hizo ziajiri kwanza washauri nasaha, na fimbo itoke darasani.