Posta haiwezi kushindana kwa mgongo wa mfanyakazi

KILA mwenye ufunguo wa sanduku la barua katika mji wa Tarime au Mugumu anajua kwamba siku hizi sanduku hilo aghlabu huwa tupu. Salamu za ndugu zimehamia kwenye simu ya mkononi, na fedha zilizokuwa zikitumwa kwa hawala ya posta zimehamia kwa wakala aliyeketi chini ya mwavuli kando ya stendi. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mzee wa Nyamongo mwenye mtoto Mwanza hana tena haja ya kupanga foleni dirishani.

Kwa sababu hiyo husikika kauli, na tumeisikia hata barazani baada ya swala ya Alasiri, kwamba Posta imekufa kwa uvivu wa watumishi wake. Sisi tunaona kauli hiyo haina insafu.

Shirika la Posta Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na likaanza kazi Januari 1994, baada ya kugawanywa lililokuwa Shirika la Posta na Simu. Simu zilikwenda TTCL. Benki ya Posta ilikuwa imekwisha kutungiwa sheria yake mwaka 1991, na leo inaitwa Tanzania Commercial Bank. Msomaji autazame mgawanyo huo. Palipokuwa na mapato yanayokua paliondolewa, na Posta ikabaki na barua, majengo na wajibu wa kuifikia nchi nzima, kisha ikaambiwa ijiendeshe kibiashara. Aliyesoma mirathi ataelewa: huyu kapewa shamba la kahawa, yule kapewa madeni ya marehemu, halafu tunashangaa mbona hawalingani.

Na nani anayeshindana nayo? Kampuni kubwa za vifurushi huchagua miji yenye faida. Kwa wilaya zetu mshindani wa kweli ni basi. Kifurushi hukabidhiwa kwa mtu wa basi Mwanza asubuhi, na jioni kinapokelewa Sirari. Ni huduma ya haraka, nasi pia huitumia. Vitabu vya madrasa vingi hufika kwa njia hiyo. Lakini tujiulize wepesi wa bei yake unatoka wapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada. Kijana anayepakia mizigo kwenye buti alfajiri, akashuka nayo usiku, ni nani aliyemwona na mkataba? Likizo yake ni siku basi linapoharibika.

Hapo ndipo penye dhulma ambayo wachumi wetu huiita ushindani. Mmoja hulipa mshahara, mchango wa pensheni na likizo, mwingine halipi. Kisha wa kwanza huambiwa apunguze gharama, na gharama iliyo karibu na mkono ni mtumishi: anayestaafu hajazwi nafasi yake, na anayebaki huuza stempu, huchambua barua, hupokea vifurushi na kufunga hesabu peke yake. Akichelewa, wateja husema ni mvivu.

Hatusemi kwamba watumishi wa umma hawana makosa. Dirisha lililofungwa saa za kazi ni hiana kwa mwenye haki, na kifurushi ni amana kama amana nyingine. Ila kutaka Posta ishinde kwa kumshusha mtumishi wake hadi daraja la yule kijana wa basi ni kuwadhulumu wawili badala ya mmoja. Inayotakiwa ni kinyume chake: mabasi na vibanda vya mizigo vifikishwe kwenye sheria ileile.

Wapo wanaosema barua imekwisha duniani, na wanaitaja Denmark, ambako shirika la posta lilitangaza mwaka 2025 kuacha kusambaza barua baada ya miaka 400. Denmark karibu kila nyumba ina intaneti. Serengeti bado kuna mjane anayesubiri karatasi ya mahakama. Watawala wa Kiislamu wa kale, tangu Muawiya, waliigharimia barid kutoka hazina kwa sababu dola isiyofikisha habari pembezoni haina dola huko. Hawakuidai faida.

Nasi tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili huduma ifike mahali mfanyabiashara asipoona faida. Umesaidia kujenga minara ya simu vijijini, nalo ni jambo jema.

Tunawakumbuka pia wazee waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwemo wa posta. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na miaka ya 2000 walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam wakidai haki zao. Wengi walifariki wakiwa wanasubiri.

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Kabla wabunge wa Tarime na Serengeti hawajaondoka kwenda Dodoma, waumini wawaulize: gharama ya kuiweka Posta Mugumu italipwa na nani, ikiwa si mtumishi wa dirishani? Na michango ya pensheni ya mtumishi huyo, je, inawasilishwa kwa wakati?