Nyatwali: Fidia hupima ekari, haipimi ziwa

MJADALA wa haki za watu wa asili huonekana kama jambo la Wamasai wa Loliondo na Ngorongoro pekee. Mkoani Mara jambo hilo hilo huja kwa jina jingine: fidia ya ardhi.

Septemba 13, 2007 Tanzania ilipiga kura kuunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili. Hata hivyo, msimamo wa Serikali ni kwamba Waafrika wote ni wenyeji, hivyo hakuna kabila lenye haki ya pekee. Kwa Mzanaki wa Butiama, Mwikizu wa Bunda au Mkwaya wa Musoma, maana yake ni moja: kinachomlinda ni sheria ya ardhi, si asili yake.

Mfano ni kata ya Nyatwali, Halmashauri ya Mji wa Bunda. Mpango wa kuwahamisha wakazi wake, ulioshika kasi kuanzia mwaka 2022, ulilenga kuifikisha Hifadhi ya Serengeti kwenye Ziwa Viktoria ili wanyama wapate maji wakati wa kiangazi. Hoja ya maji ni ya kweli, na utalii huliingizia Taifa fedha za kigeni. Swali la mkulima ni nani anabeba gharama.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka mtu alipwe thamani ya ardhi kwa bei ya soko, nyumba na mazao, pamoja na posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo tani 12 kwa umbali usiozidi kilometa 20, kodi ya pango ya miezi 36 na faida halisi ya biashara ya miezi 36.

Kasoro iko hapa. Mkazi wa ufukweni hulima, huvua na kunywesha mifugo mahali pamoja. Ekari yake hupimwa, lakini ziwa na malisho ya pamoja havimo katika hesabu. Akinunua ekari ile ile mbali na maji, amepata shamba na kupoteza nusu ya kipato. Hasara hiyo humfikia pia mchuuzi wa dagaa na samaki wa Bunda na Musoma.

Aidha, faida ya biashara hudai ushahidi wa hesabu. Mwenye genge au duka asiye na daftari hana cha kumwonyesha mthamini.

Mahakama si njia ya haraka. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walilalamika mwaka 2009. Mahakama ya Afrika jijini Arusha iliwapa ushindi mwaka 2017, na amri ya fidia ya Sh157.85 milioni za Kenya ikatoka Juni 2022. Ni miaka 13.

Kwa hiyo wanaoishi jirani na hifadhi wajiandae mapema. Walio vijijini wachukue hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Wafanyabiashara waandike mauzo kila siku. Kila mmoja abaki na nakala ya fomu ya uthamini, na akumbuke tarehe: Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inadai riba fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, na uthamini huo hufa baada ya miaka miwili.

Serikali nayo ingeweka thamani ya maji na malisho katika kanuni zake. Bila hivyo, faida ya hifadhi itakuwa ya Taifa zima, na gharama itabaki kwa kata moja.