Ramani za Rufiji zitoke ghalani

MFANYABIASHARA anayesafirisha ufuta kutoka Kilwa kwenda Dar es Salaam, au anayeteremsha saruji na mabati kwenda Lindi, hushusha pumzi akishapita Ndundu. Hapo ndipo barabara ya kusini inapovuka Mto Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa kwa pantoni, na masika ilipochachamaa foleni ilihesabiwa kwa siku. Daraja lilimaliza foleni, na miaka kadhaa baadaye zile kilometa 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga, zilizokuwa na sifa ya kumeza malori, nazo zikapata lami. Maji, hata hivyo, hayakuhama.

Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kabla watu hawajatulia, Kimbunga Hidaya kikaja mwanzoni mwa Mei, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini wilayani Kilwa. Soko halina huruma siku kama hizo. Lori lililokwama lina dereva na utingo wa kulishwa, lina mkopo unaohesabu riba usiku na mchana, na lina mzigo ambao mnunuzi wa mjini ameshaanza kuutafuta kwingine. Na taarifa anayoitegemea mwenye mzigo ni simu ya dereva, ambaye naye ameambiwa na dereva mwenzake.

Nionavyo mimi, tatizo letu si uhaba wa ramani. Wakala wa Barabara, TANROADS, unaijua barabara yake kalvati kwa kalvati. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, hupima mto. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina takwimu za mvua. TANESCO, tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, ina hesabu ya maji yanayoingia na yanayotoka. Nyuma yao kuna makabati ya siku nyingi: mradi wa mazingira wa Rufiji, REMP, uliosimamiwa na IUCN kutoka Utete kati ya 1998 na 2003, ulitoa ripoti nyingi za kiufundi kuhusu misitu, maziwa na mafuriko ya bonde hilo. Kila mmoja ana kipande chake, na kipande hicho kimekaa katika kompyuta iliyo nyuma ya ukuta wa ulinzi wa mtandao, ule ambao mafundi huuita faiawoli. Ukiuliza kwa nini ramani haionekani nje, jibu huwa neno moja: usalama.

Safu hii haipingi ukuta. Mwenye ghala la korosho asiyejenga ukuta anatafuta wezi. Kinachopingwa hapa ni ghala lisilo na dirisha la kuhudumia wateja.

Namna ya kuliweka dirisha hilo inajulikana kitambo. Seva ya ramani ni programu inayopokea ombi, mathalani la kuonyeshwa eneo la Muhoro hadi Nyamisati, ikachora picha kutoka kwenye kumbukumbu zake na kuirudisha kwa mwombaji. MapServer ilianzia Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. GeoServer ikafuata mwaka 2001. Zote mbili hutolewa bure, kwa hiyo anayesema fedha za programu hazipo atafute sababu nyingine. Na tangu mwaka 2000 kuna utaratibu wa kimataifa wa kuomba ramani, uitwao WMS, unaowezesha ramani ya barabara kutoka seva moja na ramani ya maji kutoka seva nyingine kulazwa moja juu ya nyingine katika kioo kimoja. Haihitajiki wizara mbili kukabidhiana mafaili.

Seva yenyewe haiwekwi barabarani. Inakaa ndani, nyuma ya ukuta, na mbele yake anawekwa proksi, ambaye tumwite karani wa dirishani. Mteja huzungumza na karani tu, kwa mlango namba 443, ambao ndio mlango wa kawaida wa mawasiliano yaliyofichwa yasisomwe njiani. Karani ndiye anayekwenda ndani, mara nyingi kwa mlango namba 8080, akachukua kilichoombwa na kukileta. Ukuta unapewa amri moja: anayeruhusiwa kuifikia seva ya ramani kutoka nje ni huyo karani, basi. Ukurasa wa msimamizi, ambako watu hubadilisha mambo, hautolewi dirishani kamwe. Na ghala lenyewe lisiwe ghala kuu. Wekeni nakala ya ramani zinazofaa kuonwa na umma, ili hata mwizi akipenya akute nakala.

Kazi nyingi za namna hii huharibikia mahali padogo pa kuchekesha. Seva ikiulizwa ina ramani gani, hutoa orodha, na ndani ya orodha huandika anwani ya kuzichukulia. Kama haikuambiwa jina la dirisha, huandika anwani yake ya ndani, zile zinazoanza na 192.168, ambazo nje ya jengo hazimfikishi mtu popote. Ni sawa na karani kumwandikia mteja stakabadhi isemayo “chukua mzigo wako chumba cha tatu, nyuma ya choo”. Mteja aliye Ndundu anapata miraba mitupu ya kijivu. Wakati huohuo ndani ya ofisi kila kitu kinakwenda vizuri, maana huko anwani hiyo inafahamika. Mkubwa anaonyeshwa, anaridhika, utepe unakatwa, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kwa simu ya mkononi akiwa nje ya geti. Katika GeoServer dawa ya ugonjwa huu ni mstari mmoja, mahali pa kujaza anwani ya nje ya proksi. Dakika tano.

Upo pia upande wa pili, wa kutoka. Ofisi kubwa huwa na proksi nyingine ambayo wafanyakazi hupitia wakitafuta mambo ya nje. Kompyuta ya mfanyakazi imeshaelekezwa njia hiyo, lakini seva ya ramani, ikitaka kuchukua picha ya setilaiti kutoka ng'ambo, haijui kitu mpaka nayo iambiwe. Itasubiri, itasubiri, kisha italeta ramani isiyo na sura ya nchi chini yake.

Sasa tuwape haki yao wanaoogopa. Mwaka 2024 GeoServer ilikutwa na tundu kubwa la kumwezesha mtu wa mbali kuendesha amri zake ndani ya seva bila hata nywila. Rekebisho lilitolewa Juni, habari zikatangazwa mwishoni mwa mwezi huo, na Julai 11 wavamizi walikuwa wameshaingia katika taasisi moja ya serikali kuu ya Marekani ambayo haikuwa imeweka rekebisho. Walikaa humo kama wiki 3 kabla ya kugundulika. Wakala wa usalama wa mtandao wa nchi hiyo, CISA, ulieleza mkasa huo Septemba 2025. Kama hao wenye mabilioni walichelewa kwa siku 11 tu na kuvamiwa, halmashauri ya wilaya yenye fundi mmoja itafanyaje?

Jibu langu ni kwamba halmashauri isiachiwe kazi hiyo peke yake. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019, na ndiyo yenye mafundi wa zamu. Dirisha moja la ramani za nchi nzima, lenye karani mmoja anayelindwa vizuri na kurekebishwa kila rekebisho linapotoka, ni salama kuliko madirisha mia moja na themanini yasiyo na mlinzi. Na tafadhali nywila ya msimamizi iliyokuja na programu ibadilishwe siku ileile ya kwanza, kwani neno hilo limechapishwa wazi katika vitabu vya maelekezo na kila mhuni wa mtandao analijua.

Wanaoikumbuka Kibiti ya mwaka 2017 na mauaji yale watauliza kama ni busara kuanika njia za delta. Swali ni la haki. Lakini setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zimekuwa zikipiga picha dunia tangu 2015, na kila mtu duniani huzichukua bure, zenye uwezo wa kutofautisha vitu vya ukubwa wa meta 10. Ndugu zao wa Sentinel-1 hutumia rada, wanaona maji hata chini ya mawingu mazito ya Aprili. Mtu aliyeko London au Beijing mwenye ujuzi kidogo anaweza kuona mafuriko ya Rufiji yamefika wapi. Anayenyimwa ni mwenye lori wa Ikwiriri.

Tena wapo waliokwisha kufungua na mbingu haikuanguka. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi kuchora mitaro na nyumba za kata zinazofurika, na kazi yao ikawekwa katika ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Mwaka uliofuata Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, ikazitoa picha hizo wazi. Hata kwenye madini, ambako fedha ni nyingi na ugomvi ni mwingi, mwaka 2015 maombi ya leseni yalianza kupokelewa kwa mtandao, na mchimbaji mdogo akaweza kuangalia katika ramani eneo lipi lina mwenyewe kabla ya kulipia ada. Kama leseni ya dhahabu inaweza kuonekana, kina cha maji Ndundu kina siri gani?

Kuna wanaosema ramani ni nzito mno kwa simu za huku. Tupige hesabu. Ramani za mtandao hukatwa vipande vya mraba, na kwa ukubwa wa kuonyesha kijiji na vijia vyake, kipande kimoja kwa latitudo yetu hufunika kama kilometa ya mraba moja na nusu. Delta ina kilometa za mraba zipatazo 1,200. Hivyo ni vipande kama 820, na ukijumlisha vile vya ukubwa mdogo wa juu yake havizidi sana 1,100. Kipande kikiwa na kilobaiti 20, delta nzima ni megabaiti 22, chini ya video fupi ambazo vijana hutumiana kijiweni. Na karani mzuri huweka mezani nakala za vipande vinavyoulizwa mara kwa mara, asiende ghalani kila mara. Seva inapumzika, dereva anajibiwa upesi, bando linabaki.

Mwekezaji mdogo naye ana hisa katika jambo hili, pengine kubwa kuliko ya mwenye lori. Tangu lami ifike, viwanja vya kandokando ya barabara ya kusini vimekuwa bidhaa, na madalali wanajua kuonyesha kiwanja mwezi Septemba. Ardhi ni kavu, upepo unavuma, mwembe uko pale. Masika ikifika kiwanja kinavuliwa kambale. Wazee wa Rufiji wanalijua hilo. Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 ya kuhamishia watu sehemu za juu ilifuata mafuriko, na mafuriko ya El Niño ya 1997/98 nayo yana watu wengi wanaoyakumbuka. Mnunuzi kutoka Mbagala hana mzee wa kumwuliza. Ramani inayoonyesha maji yalifika wapi mwaka 2020 na 2024 ingemwokolea akiba ya miaka, nayo ingepandisha bei ya viwanja vya juu na kushusha ya vile vya bondeni, kama soko linavyotakiwa kufanya. Ninashuku kuwa wapo wasioitaka ramani hiyo kwa sababu hiyohiyo.

Si kila kitu kipite dirishani. Majina ya wamiliki wa mashamba, namba zao na mikataba yao vibaki ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka hivyo. Lakini maji, barabara, mipaka ya hifadhi ya mikoko na mipaka ya vijiji si taarifa binafsi za mtu, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuziomba. Kwa nini aandike barua na kusubiri, ilhali karani angeweza kumjibu kwa sekunde mbili?

Waanze na ramani tatu tu: barabara inapitika wapi, mto una kina gani leo, na mafuriko ya 2024 yalifika wapi. Hizo mbili za mwanzo zibadilishwe kila siku ya masika, na zibebe tarehe na saa, maana ramani ya juzi wakati wa mafuriko ni hasara. Na jaribio la kwanza lisifanyike Dodoma katika chumba cha mikutano. Lifanyike Ndundu, kwenye simu ya dereva aliyeegesha pembeni, kwa bando lake mwenyewe, mvua ikinyesha.